Picha ya Pili ya Goti Langu

Unguja, Shaaban, mwaka 2008

Kwa mdogo wangu Rawiya, huko Maskati.

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Kwanza nnataka nijue hali yako wewe, maana kila ukinijibu unaanza na hali za watu, yako ukaisahau. Sukari imeshuka? Ile dawa ya macho bado unatia? Mwanao Qais na mkewe na wale wajukuu hawajambo? Na ule upweke, mdogo wangu, tangu marehemu shemeji yangu atutangulie, umepungua hata kidogo au ndo unazidi? Nambie kweli. Usinambie alhamdulillahi ukanyamaza. Sisi huku wazima. Kipupwe kinavuma, watu wanajifunika mashuka mpaka jua linatoka, na Ramadhani inabisha hodi, sukari ishaanza kufichwa madukani kama kawaida yao.

Anaeandika ni Bashira, mtoto wa marehemu dada yetu Nada. Nimemwambia aandike kama nnavosema, asinisahihishe. Kashaanza kununa, eti barua haiandikwi hivi. Nimemwambia we andika tu, anaeandikiwa ni mamako mdogo, nnamjua tangu hajaota meno. Bashira ana mimba ya pili, mashaallah, tumbo limekaa juu, na kalamu anaiegesha kwenye tumbo.

Utasema kwa nini barua na simu ipo. Simu wewe hunipi nafasi. Nikianza neno ushalimaliza, halafu unalia, nami nnalia, vocha inakwisha na hatujasema kitu. Na hili nlilonalo linataka liende polepole, kwa miguu, kama mie mwenyewe nnavokwenda. Abrahman wa Malindi anasafiri Jumaatano kuja huko. Ntampa barua hii pamoja na bahasha kubwa ya picha za goti, zile filamu nyeusi, na ile sidii yake, Qais amuoneshe daktari wenu.

Unakumbuka tulivoagana. Nlikupa neno, na neno la mtu mzima si la kuchezea. Nlisema nikipigwa picha ya pili, ikionekana goti limezidi kuharibika, nnafunga mizigo nnakuja Maskati, nnapasuliwa, nnatiwa goti la chuma, na nnakaa kwako moja kwa moja. Kile chumba cha chini ulichonijengea, kisicho na ngazi, choo ndani kwa ndani, Bashira kanionesha picha yake kwenye simu yake. Umetia pazia za kijani. Nlikaa nikaiangalia nikasema, masikini Rawiya. Basi picha ya pili nshapigwa. Lakini usirukie chini kusoma mwisho. Bashira, andika hivo hivo, asirukie.

Ntaanzia ile ya kwanza, maana wewe kila nikikueleza ulikuwa unanambia si eksirei tu hiyo? Si eksirei. Dokta Hija, yule kijana wa Makunduchi anaetibu hapa mjini, kanieleza vizuri mpaka mie nsosoma nikafahamu. Kasema eksirei inaona mfupa peke yake, kama mtu anaeona kuta za nyumba hajui ndani mna nani. Hii ya sumaku, waita emarai, inaona wenyewe wa nyumba. Inaona nyama, inaona mishipa, inaona maji, na zaidi inaona gegedu. Na gegedu ndo lilokuwa linatafutwa. Ni ile nyama ngumu nyeupe iliyoko ncha ya mfupa wa kuku, unaitafuna inalia kwa meno. Marehemu Nada akiipenda, akituibia zetu. Kwenye goti inakaa juu ya mifupa miwili pale inapokutana, ili isisagane.

Mashine yenyewe iko ng'ambo, Dar es Salaam, ikabidi tupande boti. Mwaka juzi hiyo. Niliporudi Dokta Hija akazitundika picha kwenye taa akanionesha kwa kidole. Upande wa ndani wa goti la kulia gegedu limelika kama kizingiti cha mlango wa chuo cha Kurani kinavolika kwa nyayo za watoto. Upande wa nje bado lipo. Chini ya pale palipolika mfupa umelowa maji, kwenye picha palikuwa peupe kama doa la tui. Na pembeni mfupa umeota vijipembe kama tangawizi. Nikamuuliza, mwanangu, kitu kinakwishaje mwilini mwangu miaka yote hiyo na mie nisisikie? Akanambia gegedu halina mshipa wa kusikia uchungu. Linakwisha kimya kimya. Siku unayosikia maumivu ni mfupa ndo unaolia, gegedu lilikwisha zamani.

Nlirudi nyumbani Kiponda nikakaa kwenye baraza ya juu nikafikiri sana maneno yale. Wako watu wako hivo, Rawiya. Mama alikuwa hivo.

Sasa, Dokta Hija hakutaka kukimbilia kisu. Kasema kwanza tujue, hili goti linaendelea kuliwa au limesimama? Picha moja haisemi hilo. Picha moja inakwambia mtu yuko wapi, haikwambii anakwenda upande gani. Tungoje, tupige nyengine, tuzitie pamoja, tutizame. Na huku nikingoja akanipa masharti. Niache mbuzi ya kukunia nazi, nisichutame. Ngazi nipande mara moja na nishuke mara moja, basi. Nisali kwenye kiti. Hilo la kiti liliniliza, sikwambii uongo. Siku ya mwanzo nlikaa juu ya kiti nikajiona kama hakimu, na Mola wangu kama mshitakiwa, astaghfirullah. Sasa nshazoea. Na sharti la mwisho akanambia nende baharini kila siku, niingie maji mpaka kiunoni, nitembee ndani ya maji. Maji yanakubeba uzito, goti halisagiki, na nyama ya paja inapata nguvu ya kulishika goti.

Mie! Mtoto wa kike wa Bwana Hamed bin Salim, ambae hata marikiti kulikuwa kunakwenda mtumishi, nende baharini na buibui langu uzeeni. Nlimwambia Dokta Hija hilo halitokuwa. Akacheka akasema basi Maskati, bi mkubwa.

Wiki ile ile nlikwenda Mtoni kwa Bi Sichana. Unamkumbuka Sichana, yule Mtumbatu tulokuwa tukishona nae kofia, aloolewa na mpiga chapa? Ana nyumba yake kule karibu na pwani, upande wa magofu. Nikamwambia nnataka nijifiche niingie maji. Akanipa kanga zake za zamani, akanishika mkono, tukenda asubuhi maji yakiwa yamejaa. Nlipiga makelele, Rawiya, maji ya baridi! Na pale pale, kidogo mbali na sisi, kuna mzee kasimama ndani ya maji mpaka kiunoni, suruali kaikunja bure maana ishalowa yote, anatembea mbele na nyuma kama mlinzi. Akanitizama akauliza, Bibi wa mjini, umepoteza pete tukusaidie kutafuta? Nikamwambia nimepoteza gegedu. Akasema, basi tuko wengi.

Huyo ni Jecha, kakaake Sichana. Alikuwa fundi wa injini kwenye meli, kazunguka mpaka Bombei na Mombasa na huko kwenu Matrah, miaka yote anapanda na kushuka ngazi za chuma za kule chini kwenye moto. Goti lake bovu la kushoto. Langu la kulia. Sichana alichoka kutufata akawa anakaa juu ya jiwe anatucheka, anasema nyinyi mkishikana mnakuwa mtu mmoja mzima. Jecha siku hizi ana ghala la mkaa njia ya Bububu. Mikono myeusi, lakini kucha safi, nilizitizama. Anasema Kitumbatu chake kile, mimi nikimuigiza, nae akiniigiza mie nnavotia kh na gh, anasema Waarabu nyinyi kila neno mnalitoa kooni kama mwiba wa samaki.

Bashira hapa kaacha kuandika ananitizama. Andika, mwanangu. Zamu yako itafika.

Nikawa nnakwenda kila siku. Asubuhi nnashuka Kiponda, nnatafuta teksi ya Mzee Sheha, nnarudi kabla ya adhuhuri. Goti hakuna siku limeacha kuuma, lakini uchungu ulibadilika. Mwanzo ulikuwa unanipigia kelele. Baadae ukawa unanung'unika tu, kama mke mwenza alozoea.

Halafu mwaka huu ukaja ule mwezi wa giza. Ulisikia huko. Umeme ulikatika Unguja nzima, karibu mwezi mzima, hakuna taa, hakuna feni, na baya zaidi hakuna maji, maana mashine za kuvutia maji zinataka umeme. Kiponda ghorofa ya pili nani anipandishie ndoo? Bashira nae kaanza kutapika kwa mimba yake. Watu walikuwa wanasukuma mapipa ya maji kwenye vichochoro mpaka misikitini. Nikakusanya nguo zangu nikenda kukaa Mtoni kwa Sichana, maana kule kuna kisima. Wewe ulinipigia ukasema sasa goti ndo litakwisha kabisa, njoo. Nikakwambia tungoje picha.

Umeme ukarudi. Watu wakapiga vigelegele mitaani, Bashira akaja na gari anichukue. Mie sikurudi. Nikamwambia nnaogopa ngazi. Kweli nnaziogopa, sikusema uongo. Lakini sikusema yote.

Sasa tunakuja kwenye picha ya pili, na shika moyo.

Tulikwenda Dar mwezi uliopita, mie na Bashira, na Jecha akatufata kubeba mkoba, maana Bashira hawezi kubeba. Bashira akisema huyu mzee ana roho nzuri, angekuwa na mke angemfaidi. Nikajitia nnafunga buibui vizuri. Kule hospitali mambo ni yale yale. Unavuliwa kila cha chuma. Kipini changu, vile vikuku vya mama vinavotoka kwa sabuni, chupio za nywele. Unalazwa kwenye kitanda chembamba, goti linafungwa ndani ya kitu kama mtego wa kamba, unasukumwa ndani ya tundu miguu mbele, unavishwa vya masikio, halafu unaambiwa usitikisike. Linaanza kugonga ga ga ga ga kama mafundi bati. Mara ya kwanza mpiga picha alikuwa mwanamke, kanilaza kaondoka, hakusema neno, nikalala kimya mpaka mwisho.

Safari hii alikuwa kijana wa bara, mpole, ana adabu za watu. Na adabu zake ndo zilotuponza. Yeye anakaa chumba chengine nyuma ya kioo, na kila akitaka kuanza anasema na wewe kwenye kipaza sauti mle mle masikioni. Akasema, Bi Zeyana. Nami unanijua, Rawiya, na unajua nani alotulea. Mtu anaitwa kwa jina lake na mtu mwenye adabu, ataitika huku kajilaza chali kama gogo? Nikasema naam, na nikanyanyuka. Picha ikaharibika. Akaja akanilaza, akanambia Bibi usinyanyuke. Nikamwambia sawa. Akarudi kwake. Bibi, uko tayari? Naam! Na goti juu. Kaja tena. Mara ya tatu masikini akabadilisha akasema shikamoo, akidhani shikamoo haina kunyanyuka. Nikasema marahaba mwanangu, na nikageuza uso kumtafuta. Akaja na picha mkononi akanionesha: goti kama maji yalotibuliwa, hujui mfupa uko wapi na gegedu liko wapi. Wazungu wenye mashine yao hawakupigia hesabu mtu aloleleka.

Akasema hivi haiwezekani, na watu wanangoja nje. Labda aingie mtu wako, akae miguuni kwako akushike kifundo. Sitokuita tena, nikitaka kuanza ntamuonesha yeye ishara kwenye kioo, nae atakubinya kidogo. Bashira akasimama. Yule kijana akamtizama tumbo akasema mwenye mimba hatumuingizi mle. Basi Jecha akasimama. Akaanza kutoa saa, akatoa mkanda, akatoa funguo za ghala, akatoa na meno yake ya bandia yenye waya akayatia ndani ya kitambaa, akasimama pale mlangoni na mdomo wake umebonyea, anangoja.

Yule kijana akaniuliza, Bibi, mzee huyu ni nani wako? Umevaa kanzu ya hospitali, goti wazi, hatuingizi mwanamme tu. Lazima awe mtu wako.

Jecha akatizama chini. Kwa sababu tulikubaliana, atakaesema ni mie. Na alinipa neno lake, na yeye neno lake ni neno. Angeweza kusimama pale mpaka kesho bila kufungua mdomo ule usio na meno. Ningesema jirani, tungerudi Unguja mikono mitupu, na wewe ungekaa unangoja picha mwaka mwengine.

Nikasema, mume wangu.

Bashira kakaa chini kwenye benchi kama kapigwa na jua. Bashira, ulikaa chini, ndio au sio? Kasema ndio. Na sasa hivi analia na kuandika, karatasi ikilowa usidhani ni mvua.

Ni kweli, mdogo wangu. Nimeolewa. Ule mwezi wa giza, baada ya sala ya alasiri, nyumbani kwa Sichana. Wanaume wetu wa kwa baba hakuna alobaki huku, kadhi ndo kasimama walii wangu akaniozesha, na mashahidi majirani wa Mtoni. Hapakuwa na muziki wala taarabu, umeme uko wapi? Sichana kakaanga vitumbua, tumekula kwa kandili. Jecha kanambia nitaje mahari. Nikasema kitanda cha juu, miguu ining'inie nikikaa, goti lisikunjwe. Kakiunga miguu kile kitanda mpaka nikawa nnahitaji kigoda kupandia. Tukacheka mpaka tukalia.

Sikukwambia kwa aibu. Mtu ana wajukuu wa dadaake, kajipaka hina. Na nlikuogopa. Nlijua utasema, Dada Zeyana kaolewa asije kwangu. Nikae nikupimie ukweli wangu kwa mizani. Sikuolewa ili nisije. Nliolewa kwa sababu mtu yule asubuhi ananiuliza goti limelalaje kabla ya kuniuliza mie. Lakini baada ya kuolewa, kila ulipopiga simu ukinieleza zile pazia, nlikuwa nnaomba Mungu picha iwe nzuri, na nikishaomba nnakuonea huruma. Neno langu kwako sikulisahau. Ndani ya boti kwenda Dar nlimwambia Jecha, ikisema limezidi, ntakwenda, nlishamuahidi mdogo wangu kabla yako. Akatizama maji mpaka tukaliona jiji. Akasema, Nenda. Matrah nnaijua, ntakuja na meli nikufate, nizeekee huko kwa joto.

Basi Jecha aliingia, akakaa miguuni kwangu, akanishika kifundo. Mashine iligonga ilivogonga. Alikuwa akinibinya kidogo, nnatulia. Skuitwa, skuitika. Nikalala usingizi, wallahi.

Dokta Hija alizitia zote mbili kwenye taa, ya mwaka juzi na hii. Akachukua rula akapima moja, akapima na ya pili. Akasema, Bi mkubwa, gegedu lililokwisha halijarudi na halirudi, hilo tusahau. Lakini lililobaki lipo vile vile. Halijaliwa zaidi. Na pale palipokuwa peupe, mfupa umekauka, doa limebaki dogo kama punje. Vipembe vile vile. Akanibinya paja akasema hili paja la mtu anaetembea. Kupasuliwa hakuna haja sasa, labda huko mbele, Mungu akijaalia umri. Endelea hivo hivo ulivo.

Nnajua, Rawiya. Picha nzuri kwangu, kwako ni habari mbaya. Sikuisherehekea. Nlirudi Mtoni nikakaa juu ya kile kitanda nikakufikiria wewe na chumba kitupu.

Sitokwambia usihuzunike. Nakwambia njoo. Baada ya Iddi, kaa hata miezi. Nyumba ya Jecha, mlango wa pili kwa Sichana, haina ngazi. Na ukitaka mie nije nikae nawe miezi, ntakuja, ndege mpaka mlangoni, lakini ntarudi, na Jecha ntakuja nae. Kiponda funguo anazo Bashira, usiwe na wasiwasi nayo.

Sasa jambo la mwisho. Kwa Abrahman, ndani ya bahasha ya picha, utakuta kitambaa cheupe kimefungwa. Ndani yake mna udi kidogo, na barua kaiandika Jecha kwa mkono wake, kwa herufi za Kiarabu, kajifungia ghalani siku mbili katoka nayo ina alama za mkaa. Ni posa. Kasema wakati ule alifanya haraka ya giza, hakuuliza mtu, na hilo linamkera. Ukoo wetu aliebaki wa kuulizwa ni wewe. Nikamwambia mzee, mwanamke yumo ndani mwako, unampikia uji, unaposa nini? Akanambia kuolewa ushaolewa, lakini hujaposwa.

Basi soma ufikiri. Uliza kuhusu tabia zake, peleka watu Tumbatu wakamchunguze ukitaka, ni haki yako. Hapa anapita pita mlangoni anajifanya anatafuta ufagio, anataka kujua nimefika wapi. Kasema nikusalimu, lakini jina la shemeji hatolitia mpaka umjibu.

Wasalimie Qais na wote wa nyumba. Bashira anakusalimu. Sichana anakusalimu.

Ni mie dada yako, ninaengoja uniozeshe,

Zeyana binti Hamed